Chujio Lililomeza Barua za Ami

Ofisini kwangu Kawangware, mkabala na mlango, nimetundika diploma yangu ndani ya fremu ya kioo. Mteja akiingia anaiona kabla hajaniona mimi, na nilipanga iwe hivyo. Nilizaliwa Kibera, katika kijiji kiitwacho Raila, katika chumba ambacho mvua ikinyesha tulihamisha godoro badala ya ndoo, kwa sababu ndoo ilikuwa moja na mahali pa kuvuja palikuwa pengi. Nikaenda nchi za Ghuba kufagia ofisi za watu. Mchana nilifagia, jioni nikasoma, mpaka siku moja nikaketi kwenye kiti nilichokuwa nikikipangusa vumbi, nikawa mimi ndiye ninayepigiwa simu kompyuta zikigoma. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna mheshimiwa aliyenisemea. Ukitaka kuyaita haya majivuno, yaite. Niliyagharamia mwenyewe.

Nayasema mapema kwa sababu kazi ninayotaka kuisimulia ilikuwa ndogo. Nimewahi kuweka mtandao wa jengo zima la ghorofa. Hii ilikuwa kompyuta moja kuukuu ya mama mmoja wa Kibera, iliyokuwa haioni barua pepe za shemeji yake. Lakini ndiyo ninayoikumbuka kila ninapopangusa ile fremu.

Jirani yangu wa ofisi, upande unaoelekea Riruta, ni mama Mwislamu anayeuza vitambaa. Ana sauti inayovuka barabara. Mpwa wake alikuwa amempenda msichana wa Kinubi wa Kibera, na kwa kuwa wazazi wa kijana wako mbali, yeye shangazi ndiye aliyeongoza wazee kupeleka posa. Walipokewa vizuri. Waliambiwa kitu kimoja tu: baba wa msichana ni marehemu, kwa hiyo walii wake, yaani mtu wa kumwozesha badala ya baba, ni ami yake, ndugu wa baba. Ami yuko mbali, ataandika. Basi wakangoja.

"Wewe wa majuu!" aliniita asubuhi moja, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. "Hizo kompyuta unazojisifia, huwa zinaugua ububu?"

"Kompyuta haina mdomo, mama."

"Basi ni watu ndio mabubu. Tumeenda kwa heshima, tumekula gurusa zao, tumeambiwa ami ataandika kwa kompyuta. Mpaka leo kimya! Nikiuliza naambiwa, barua haijafika. Barua gani hiyo, inakuja na punda?"

"Labda kweli haijafika."

"Labda hawatutaki na wanaona aibu kusema. Sikia, wewe ulizaliwa huko Kibera, unawajua. Nenda ukaangalie. Kama ni kompyuta, itengeneze. Kama ni midomo, rudi uniambie, nimtafutie kijana wangu kwingine kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama."

Nilielewa kwamba nilikuwa nikitumwa kama fundi na kama mpelelezi kwa pamoja. Nilibeba mkoba wa vifaa, nikajiambia kwamba kazi ya pili sitaifanya.

Nyumba ya msichana iko Makina, katika ua wa zamani ambao familia hiyo imeishi tangu babu zao waliokuwa askari. Nilipokuwa mtoto wa kijiji cha Raila tulipita nje ya nyua kama hizo tukinusa vitunguu vikikaangwa, wala hatukuthubutu kuchungulia. Safari hii nilifunguliwa mlango. Nilisema "Asalaam aleikum" kwa lafudhi niliyorudi nayo, na mama wa msichana akaitikia huku akicheka.

"Salamu yako ina mchanga wa Ghuba. Karibu, binti yangu. Mgonjwa yule pale."

Mgonjwa alikuwa juu ya meza, amefunikwa kitambaa cha kufuma kama maiti ya heshima. Ukutani kulitundikwa makawa ya kufunikia chakula, ya rangi kali, aliyoyasuka mama mwenyewe. Huyauza mpaka ng'ambo, na ndiyo sababu alinunua kompyuta na akajifunza kuandika barua pepe wakati wanawake wa rika lake bado wanaiogopa simu. Nilimheshimu kwa hilo. Binti yake, mwalimu wa chekechea, aliketi kwenye mkeka akisuka kawa jipya. Alinisalimia kwa kuinua nyusi, akarudi kwenye ukili wake.

Niliuliza swali ambalo kila mtu angeuliza: kwa nini wasimpigie simu ami?

"Anachimba visima jangwani, kaskazini, ng'ambo ya mpaka," mama alisema. "Simu haishiki. Ofisi yao ina mtandao wa setilaiti, anaandika kutoka hapo. Simu yake inafanya kazi akienda mjini tu, na mjini ni mara chache."

"Na wazee wa hapa wanasemaje?"

"Wazee wanasema akinyamaza maana yake hana neno, tuozeshe. Wengine wanasema amekataa. Mimi nasema walii hanyamazi. Walii hufungua mdomo. Kama hakufungua, kuna jambo."

Hapo ndipo hatari yenyewe ilipoonekana wazi. Kimya kimoja, na kila upande ulikuwa na tafsiri yake: Kawangware walikisoma kuwa dharau, wazee wa Kibera wakakisoma kuwa ruhusa, mama akakisoma kuwa msiba. Msichana kwenye mkeka hakuna aliyemuuliza anakisoma vipi.

Niliwasha kompyuta. Fundi asiyesoma huanza kwa kufuta kila kitu na kuweka upya. Mimi huanza kwa kuuliza. Niliambiwa kwamba miezi michache nyuma kompyuta ilishambuliwa na virusi, akaitwa fundi wa huko Nyayo Highrise, akaisafisha na kuweka programu ya ulinzi. Pamoja nayo liliingia chujio la barua taka, lile linalokagua kila barua pepe inayoingia na kuzuia za matapeli. Mama alikuwa amelipenda sana, maana zamani alipokea kila siku barua za watu wasiojulikana wakimwambia ameshinda utajiri.

Nilijitumia barua kutoka simuni mwangu kwenda anwani yake. Iliingia kabla sijaweka simu chini.

Mama aliitazama ile barua yangu ikimeta kwenye kioo, na uso wake ukashuka. "Basi kompyuta ni nzima," alisema taratibu. "Ni yeye ambaye hakuandika."

Ukili ulisimama mikononi mwa msichana.

Kule Ghuba, kwenye meza ya msaada, nilisikia kila siku mtu akisema mashine imekula barua yake, na mara nyingi ilikuwa uongo, hakuituma. Kwa hiyo najua ilivyo rahisi kwa fundi kusema "kompyuta ni nzima" na kufunga mkoba. Jibu hilo lingekuwa kweli kwa barua yangu. Kwa barua ya ami halikuwa jibu. Barua yangu ilikuwa ya maneno mawili kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mtu mmoja. Je, ami naye huandika hivyo?

"Mama," nilisema, "usimhukumu bado. Nionyeshe barua yake yoyote ya zamani, iliyofika kabla ya yule fundi."

Alinifungulia moja, ya mwaka wa jana, ya kuwapa pole kwa kifo cha bibi. Nilipoiona nilijiegemeza kwenye kiti. Sehemu ya anwani za wapokeaji ilikuwa ndefu kuliko barua yenyewe. Binamu, wajomba, mashemeji, watoto wa mashemeji. Ukoo mzima wa Kibera na waliotawanyika kwingine. Kisha salamu, aya nzima ya dua kwa walio hai na waliotangulia, kisha habari yenyewe mistari miwili, kisha dua tena.

"Anawatumia watu wote hawa kila mara?"

"Kwetu neno zito halisemwi kwa mtu mmoja," mama alijibu, kana kwamba nimeuliza kwa nini maji huteremka. "Ukimwambia mmoja, kesho atasema vingine. Ukiwaambia wote, limesemwa."

Nikamwomba anitajie wenye anwani hizo. Aliweka kidole kwenye kioo, akaanza kushuka nacho. Huyu yuko Kisumu, hungoja mimi nimsomee kwa simu. Huyu Mombasa, naye vilevile, kama wote walio hai. Huyu ni marehemu. Huyu amesahau neno la siri tangu zamani. Huyu marehemu. Huyu pia, Mungu amrehemu. Huyu alikuwa mume wangu.

"Mbona ami hawatoi waliokufa?"

"Nani atamtoa?" Alinigeukia. "Wewe unaweza kumtoa mtu kwenye mwaliko kwa sababu amekufa? Unamtaja kwanza, unamwombea, ndipo unaendelea na wengine."

Habari ya dua nilimwachia yeye; yangu ilikuwa chujio. Chujio halina ukoo. Lilichofundishwa ni kwamba tapeli huandikia watu wengi kwa mpigo, na kwamba orodha ya tapeli imejaa anwani zilizokufa, kwa kuwa hajui nani yupo na nani hayupo. Tapeli pia hufungua kwa salamu ndefu na jina la Mungu. Ukiliwekea chujio hilo barua ya ami mbele yake, litaona alama zote za mwizi, na huyo ni mtu mzima mwenye adabu anayeandika kama alivyolelewa.

Ilibaki kuthibitisha. Nilimwomba msichana aandike barua kutoka anwani yake mwenyewe, ambayo ami hakuwa nayo, kwa mtindo wa ami, na kwa orodha ileile yote.

"Niandike nini?"

"Chochote. Salamu."

"Na hao waliokufa?"

"Na wao."

Akaandika kwenye simu yake, akatuma. Tulingoja. Mama alileta chai na gurusa, ile mikate yao myembamba, tukala. Hakuna kilichoingia. Nikalizima chujio kutoka ndani ya programu ya ulinzi, nikamwambia aitume tena. Ikaingia.

"Wah!" msichana alisema. Hilo ndilo neno lake la kwanza kubwa siku hiyo. "Kumbe imekuwa ikitumeza!"

Nakiri nilitabasamu kama mtu aliyefunga bao. Lakini bado sikuwa nimejua barua zilizomezwa ziko wapi. Chujio la kawaida huziweka kwenye folda ya barua taka ambapo mwenyewe anaweza kuchungulia. Hapa folda hiyo haikuwepo. Ilinichukua muda kuelewa, na naamini mafundi wengi wangeishia hapo. Programu ya barua pepe ilikuwa imejisasisha yenyewe baada ya yule fundi kuondoka, na toleo jipya halikupatana tena na chujio. Kitufe cha chujio kilitoweka, folda yake ikatoweka machoni, lakini chujio lenyewe liliendelea na kazi kwa nyuma. Lilikuwa kama bawabu aliyesahauliwa langoni, anayefukuza wageni bila mtu ndani ya nyumba kujua kwamba bado yupo.

Barua zenyewe hazikufutwa. Zilikuwa kwenye diski, ndani ya faili ambalo programu haikulionyesha. Nililitafuta, nikaliingiza upya, na folda ikafunguka. Matapeli walimwagika kwanza, utajiri wao wote. Katikati yao, kama wazee waliopanga foleni na wahuni, zilikuwa barua tatu za ami.

Mama aliomba binti asome kwa sauti.

Ya kwanza ilianza kwa dua, kisha ikasema hivi: amesikia habari ya posa na amefurahi. Anajua wazee watasema kimya cha msichana ni ridhaa yake, na hataki kubishana na wazee. Lakini yeye ndiye atakayesimama mahali pa ndugu yake siku ya hesabu, na hataozesha kwa kimya. Anataka kusikia kutoka kwa msichana mwenyewe, kwa maneno yake, si kwa mama yake wala kwa wajomba. Ya pili iliuliza kama ya kwanza ilifika.

Ya tatu ilikuwa fupi. Msichana aliisoma nusu, akasimama, akaanza tena. Ami alisema ameelewa. Msichana amenyamaza kwa sababu hataki na anaogopa kusema mbele ya watu, na yeye hamlaumu. Keshokutwa anakwenda mjini. Simu ikishika, atawapigia wazee wa kijana kule Kawangware, awaombe radhi kwa jina la familia, na posa irudi kwa amani.

Hiyo keshokutwa ilihesabiwa kutoka jana. Ilikuwa kesho.

"Andika ndiyo, mwanangu," mama alisema, mkono mdomoni. "Andika sasa hivi."

Msichana aliweka kawa chini. "Mama, naomba utoke kidogo."

Nilidhani mama atakasirika. Alitazama lile neno "mwenyewe" kwenye kioo, akatazama binti yake, akainama kuchukua kitambaa cha kufuma kilichoanguka, akatoka nacho uani. Nami nikainuka.

"Wewe kaa, auntie. Hii kitu ikikwama nitafanya nini?"

Nikakaa, nimegeuza uso kuelekea makawa.

"Unajua hakuna mtu amewahi niuliza?" alisema kwa sauti ya chini. "Wamekuja na soda, wakaongea juu ya kichwa changu kama mimi ni kabati. Na mtu wa kwanza kuniuliza yuko jangwani, na kompyuta inamtupa na wezi."

"Na unamtaka huyo kijana?"

"Namtaka sana. Ndio maana naogopa." Akacheka kidogo. "Lakini mimi pia nina neno langu. Nataka niendelee kufundisha. Hiyo nayo si nitaiandika?"

"Umeulizwa wewe," nilimwambia.

Aliandika palepale kwenye kompyuta, kwa anwani ya mama yake, akafuta, akaandika. Sikusoma. Alipomaliza, aliweka anwani zote, mstari kwa mstari, hata ile ya baba yake. Hapo fundi ndani yangu aliamka.

"Ngoja. Ofisi ya ami nayo ina chujio lake. Ukituma hivi, kuna hatari nalo liimeze. Mtumie yeye peke yake, fupi, bila salamu ndefu."

"Neno kama hili kwa mtu mmoja? Mama atasema nimeolewa kwa siri." Akafikiri. "Si nitume mbili? Moja ya chujio, moja ya watu."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Ya chujio ilitangulia, kavu kama karatasi ya dawa. Ya watu ikafuata, na dua zake zote. Kisha akamwita mama yake, akamsomea. Alipofika kwenye kufundisha, mama alinyanyua kichwa, akamtazama, akasema, "Hilo ulikuwa hujaniambia." Msichana akajibu, "Hukuniuliza, mama," bila ukali, na mama akalipokea.

Tulikuwa tukimalizia chai wakati kompyuta ilipoanza kulia. Barua ikaingia, kisha nyingine, kisha nyingine. Nilijua ni nini, nikanyoosha mkono nizifute haraka. Zilikuwa zile taarifa za mashine: barua yako haikufika, anwani hii haipo tena. Zamani huenda zilikuwa zikiingia, lakini tangu chujio liwekwe nazo zilikuwa zikimezwa.

"Usifute," mama alisema. "Ni za nani?"

Nikamweleza. Akavuta kiti, akaweka kidole tena kwenye kioo. Kwa kila moja alitaja mtu, akanong'ona dua yake, akasonga mbele. Alipofika kwa mumewe alirudia dua mara mbili.

"Wamejibu," alisema. "Wamesema hawapo. Hata hilo ni jibu, mwanangu. Kuliko kimya."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu barua pepe, na mtihani wake niliupita kwa alama ambazo mwalimu wangu alizisoma mbele ya darasa. Hakuna ukurasa ulionifundisha taarifa ya kushindwa inaweza kusomwa hivyo.

Nililiondoa chujio kabisa, lile lisilopatana na programu. Nikaweka ulinzi mwingine kwenye seva, kule barua zinakopokewa kwanza, na nikaigeuza programu ili ionyeshe kila folda, ya taka ikiwemo, mama awe akichungulia mwenyewe kila siku anapoangalia oda zake za makawa. Kisha nikaingiza orodha ya ukoo kwenye anwani zinazoaminiwa. Utaratibu mzuri wa kazi unasema anwani zilizokufa ziondolewe. Niliziacha zote, na ni mimi nisiyependa orodha chafu.

Jibu la ami liliingia kesho yake kabla ya adhuhuri, na mama akanipigia simu kabla hajawapigia wazee. Ami alikuwa amelituma kwa kila mtu. Safari hii lilipita. Alisema ameridhia, na kwamba atakayemwozesha msichana kwa niaba yake amhakikishie kwanza neno lile la kufundisha. Mjini atakwenda, lakini simu atakayopiga Kawangware itakuwa ya kupongeza.

Nilitoka nje ya ofisi. Jirani yangu alikuwa akikata kitambaa, mkasi ukila moja kwa moja.

"Haya, wa majuu. Ilikuwa kompyuta au ilikuwa midomo?"

Nilikuwa na maelezo mengi: toleo jipya, folda iliyofichika, bawabu aliyesahauliwa. Ningeweza kumweka hapo mpaka alasiri, na angejua jirani yake ni mtu wa namna gani.

"Simu yako italia leo," nilimwambia. "Ipokee kwa salamu nzuri. Kisha kuna swali utaulizwa kuhusu mpwa wako, kama atakubali mke mwalimu. Usijibu wewe. Mwite mwenyewe ajibu."

Mkasi ulisimama katikati ya kitambaa. "Hee!" alisema. "Huko Kibera wamekurudisha na amri?"

Lakini simu ilipolia, nilimsikia akipaza sauti ile ya kuvuka barabara, akimwita kijana wake aje aseme.